UZI: Umeshampata mtafiti wa kukulea kikazi. Sasa unachota nini kwake?

#1 MzeeWaPipeti

Wakuu, habari za majukumu.

Jukwaa hili halikosi swali la "nataka kuwa mtafiti, nianzie wapi?" Majibu huwa mawili: soma kwa bidii, tafuta mlezi. La kwanza halina mgogoro. La pili huachwa likining'inia. Mtu humpata huyo mlezi, akakaa naye miezi sita, wakapiga picha ya pamoja, akaondoka hajui mtafiti hufanya nini Jumanne saa nne asubuhi.

Msimamo wangu ni huu: kazi ya utafiti haihamishwi kwa maneno. Unaijua pale unapokabidhiwa kipande chake kidogo, ukakikosea, aliyekutangulia akakuonyesha ulipokosea. Kwa hiyo usiende kuomba ushauri. Nenda ukaombe kipande.

Kumfikia kwanza. Barua pepe isizidi maneno 150. Sentensi ya kwanza inasema wewe ni nani na unasoma nini. Mbili zinazofuata zinataja makala yake moja uliyoisoma na swali lililokubakia, swali la kweli, linaloshika mchoro au jedwali fulani ndani ya makala hiyo. Halafu ombi lenye kipimo: "naomba dakika 20 za maongezi", au "naomba kukaa kwenye vikao vinne vya maabara yenu". Mwisho, siku na saa unazopatikana. Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe. "Maombi" peke yake haisomwi.

Barua hizi hufa kwa sababu zinazojulikana. Imetumwa kwa watu thelathini kwa mpigo na majina yote yanaonekana. Imejaa sifa, haina swali. Au inaomba kitu kisicho na mwisho: "naomba uwe mlezi wangu". Mtu mwenye shughuli hakubali deni asilojua ukubwa wake. Ukikutana na kimya, subiri siku saba hadi kumi za kazi, kumbusha mara moja kwa kujibu barua ileile, kisha hamia kwa mwingine bila kinyongo. Na msiwadharau wanafunzi wa uzamivu na mafundi sanifu wa maabara. Hujibu haraka, na ndio wanaojua mashine inakwamia wapi.

Kikao cha kwanza, usiulize "nini kilikuvutia kwenye sayansi". Atakupa jibu alilowapa wengine mia. Uliza: "Wiki iliyopita saa zako ziligawanyikaje?" Hapo ndipo utasikia kuhusu maandiko ya kuomba ruzuku, vikao, kusahihisha rasimu za wanafunzi, kufuatilia vibali na manunuzi ya kemikali. Kwa kiongozi wa kundi la utafiti, jaribio lenyewe mara nyingi liko mikononi mwa wengine. Uliza: "Jaribio gani limewashinda hivi karibuni, na mlijuaje kwamba limeshindikana na si kwamba jibu ndilo lilikuwa hivyo?" Swali hili moja lina thamani kuliko mhadhara mzima. Kuhusu fedha, uliza mfumo, usiulize mfuko wake: "Nafasi kama hii kwa kawaida hulipwa kutoka wapi, na mkataba wake huwa wa muda gani?"

Nitaendelea. Wadau ongezeeni.

---

#2 Kinda_Sayansi

Shikamoo mzee. Nimeelewa habari ya kuomba kipande, lakini kipande gani? Mtu wa mwaka wa pili hana ujuzi wowote wa maana. Wengi wanaishia kuosha vyombo tu.

---

#3 MzeeWaPipeti

Marahaba kijana. Tuanze na hivyo vyombo unavyovidharau. Mabaki ya sabuni huharibu majibu: kipimo cha protini cha Bradford huvurugwa na sabuni, na seli nyingi haziivumilii. Ndiyo maana chombo husuuzwa mara kadhaa kwa maji ya bomba, kisha mara tatu kwa maji yaliyokenekwa (distilled), kikakaushwa kifudifudi. Ukioshea vyombo mahali ambapo mtu anakueleza kwa nini, umeshaanza kazi. Ukiosha miezi mitatu bila neno, umekuwa kibarua wa bure, hilo tutalijadili chini.

Kipande cha kwanza cha kuomba ni pipeti, kifaa cha mkononi cha kuvuta na kumimina kiasi kidogo sana cha kimiminika. Haigharimu kitu, haiharibu sampuli ya mtu. Omba pipeti ya mikrolita 20 hadi 200, maji yaliyokenekwa, na mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu. Weka mikrolita 100 kwenye chombo kidogo juu ya mizani, andika uzito, rudia mara kumi. Kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi kila tone la mikrolita 100 linapaswa kukaribia miligramu 99.7. Ukiwa ndani ya asilimia moja kila mara, mkono umetulia.

Utaratibu: bonyeza kitufe cha juu hadi kituo cha kwanza (kinapokwama kidogo; ukikaza zaidi kinafika cha pili) ukiwa bado hewani. Zamisha ncha (kimrija cha plastiki kinachovalishwa mwishoni) milimita mbili au tatu tu, pipeti ikiwa wima. Achia kidole taratibu, hesabu sekunde moja, toa. Unapomimina gusisha ncha kwenye ukuta wa chombo, bonyeza hadi kituo cha kwanza, kisha cha pili kumalizia. Makosa ni yaleyale kila mahali. Anayevuta kutoka kituo cha pili anachukua zaidi ya alichopanga. Anayezamisha ncha hadi shingoni anabeba matone kwa nje. Anayeachia kidole ghafla anaingiza hewa, na kimiminika kinaweza kuruka hadi ndani ya pipeti yenyewe, hapo utasikia kelele. Na ncha mpya iloweshwe kwanza: vuta na rudisha mara mbili tatu kabla ya kupima.

Kipande cha pili ni kutengeneza mchanganyiko. Unataka mililita 500 za chumvi ya kawaida yenye moli 0.15 kwa lita. Moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe; moja ya chumvi hii ni gramu 58.44, kwa hiyo 0.15 × 0.5 × 58.44, yaani gramu 4.38. Yeyusha kwenye maji kama mililita 400, halafu ongeza maji *hadi* alama ya 500. Anayepima maji 500 kisha akamwaga chumvi ndani hajapata mililita 500, kapata zaidi. Kwa chumvi kidogo hivi tofauti ni ndogo. Kwa sukari au urea nyingi ni kubwa. Kisha soma lebo ya kopo hadi mwisho. Salfeti ya shaba kavu ni gramu 159.6 kwa moli. Ile ya bluu iliyobeba maji ni 249.7. Ukitumia namba ya kwanza kwa kopo la pili, mchanganyiko wako una asilimia 64 tu ya ulichoandika kwenye chupa, na hakuna atakayeliona hilo kwa macho.

Kuzimua nako kuna mtego. "Moja kwa kumi" ni sehemu moja ya dawa na tisa za maji. Mwenye kuweka moja na kumi anapata moja ya kumi na moja. Hatua moja haionekani. Akirudia hatua tatu, badala ya 1/1000 ana 1/1331, amepungukiwa robo nzima.

Daftari la maabara: kurasa zenye namba, wino, tarehe kila siku, hakuna kuchana. Kosa linapigwa mstari mmoja ili bado lisomeke, unaweka herufi za jina lako pembeni. Andika namba ya toleo la kila kemikali na kila ulipokwenda kinyume na utaratibu, hata kama ni dakika tano. Kipimo cha daftari zuri: mtu mwingine arudie kazi bila kukupigia simu.

---

#4 DadaTakwimu

Mzee umemaliza upande wa meza ya maabara, ila vijana wajue utafiti mwingi leo hauna pipeti kabisa. Kuna anayeshinda na data za hali ya hewa, za afya, za lugha, za nyota. Kipande cha kuomba huko ni kusafisha jedwali moja la data. Hakuna anayekipenda, kwa hiyo utapewa.

Faili ghafi haliguswi. Linawekwa kwenye folda yake, lisomeke tu lisiandikike, na kila badiliko linafanywa kwa programu au kwa nakala, siyo kwa mkono ndani ya faili mama. Tarehe ziandikwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-04. Mtindo huo ni wa kimataifa, na majina ya mafaili yakianza hivyo yanajipanga yenyewe kwa wakati. Ukiandika 03/04 mmoja atasoma Machi 4, mwingine Aprili 3, na hakuna namna ya kujua baadaye nani alisema kweli. Safu moja kigezo kimoja. "12 kg" ndani ya seli moja ni kosa, kipimo kinakaa kwenye kichwa cha safu. Data iliyokosekana isiandikwe 0, wala 99.

Excel inasaidia na inaua. Ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe bila kuuliza mtu, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza miongozo mwaka 2020 na jeni hizo zikawa MARCHF1 na SEPTIN2. Mwaka huohuo, Uingereza, karibu visa 16,000 vya Uviko-19 vilichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Lilijaa, yaliyozidi yakakatwa kimyakimya. Kwa hiyo jaribio la kwanza baada ya kuhamisha data yoyote ni kuhesabu mistari kabla na baada. Sekunde kumi.

Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya jengo. Andika na faili dogo la maelezo: kila safu maana yake nini, ilipimwa kwa kipimo gani, nani alikusanya. Mwombe mlezi alisome hilo kabla ya kusoma uchambuzi wako. Maswali atakayouliza ndiyo somo.

---

#5 NjiaPanda

Samahani wakuu, mnamfundisha kinda kushika jembe kabla hajajua shamba liko wapi. Kichwa cha uzi ni kazi, yaani ajira. Tuseme ngazi ilivyo.

Shahada ya kwanza miaka mitatu hadi minne, uzamili mmoja au miwili, uzamivu mitatu hadi sita kutegemea nchi na fani. Baada ya hapo kuna kipindi cha utafiti wa baada ya uzamivu, mikataba ya mwaka mmoja hadi mitatu, na si ajabu mtu kuunganisha miwili au mitatu. Nafasi ya kudumu ya kuongoza kundi lako ni chache kuliko wahitimu wanaoitaka. Mlezi ambaye ni profesa ni yule aliyepita kwenye tundu hilo la sindano. Ukimuuliza yeye peke yake, unapata ramani ya njia moja.

Kwa hiyo ongea na watu watatu: aliyekutangulia miaka miwili mitatu, aliyekutangulia kumi na zaidi, na aliyeondoka akaenda kwingine. Huyo wa tatu hukwepwa, na ndiye anayeweza kukuambia ujuzi gani unauzika nje.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko "mwanasayansi". Fundi sanifu anayeendesha mashine ambayo hakuna profesa anayeweza kuiwasha. Meneja wa maabara: manunuzi, usalama, ratiba. Mratibu wa majaribio ya tiba, ambaye siku yake ni fomu za ridhaa, ukaguzi wa kumbukumbu na kuripoti madhara kwa muda uliowekwa. Mtakwimu. Mtunza data. Mwandishi wa programu za utafiti. Mhariri wa jarida. Mtaalamu wa hataza, yaani haki za uvumbuzi. Afisa wa ruzuku anayejua kwa nini bajeti yako itakataliwa kabla hujaituma. Kwa kila mmoja swali ni lilelile la Mzee: wiki yako iligawanyikaje. Uongeze moja: "Ni ujuzi gani uliajiriwa nao, na upi ulijifunzia kazini?"

---

#6 SwaliLaKijinga

NjiaPanda yuko sahihi, lakini kuna kitu mlezi anatoa ambacho hakimo kwenye ngazi wala kwenye pipeti: namna ya kulishughulikia swali ambalo wenzako wanalicheka.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, Tanzania, wakitengeneza aiskrimu. Akaweka maziwa yakiwa bado moto kwenye friza, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alikwenda kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamuuliza: maji ya ujazo sawa, moja nyuzi 35 na mengine 100, kwa nini ya 100 huganda kwanza? Osborne hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Physics Education ikiwa na majina ya wote wawili.

Mpaka hapo wengi hushangilia na kuondoka. Sehemu yenye faida ni inayofuata: jambo lenyewe bado linabishaniwa. Aina ya chombo, barafu iliyolala chini ya chombo, mvuke unaopotea, kipimajoto kimekaa kimo gani ndani ya maji, na hata maana ya "kuganda" (kufika nyuzi sifuri au kuwa barafu yote?) vyote hubadilisha jibu, na wapo waliorudia kwa uangalifu wasilione. Ukimpata mlezi, mpe swali lako, kisha angalia anafanya nini katika dakika tano za kwanza. Anayekuuliza "tutajuaje kama si kweli?" na kuanza kutaja vitu vya kushikilia visibadilike, kaa naye. Anayekujibu papo hapo kila kitu, shukuru kwa adabu.

---

#7 MhaririWaPembeni

Niongezee upande wa machapisho, maana ndiko kazi inakohesabiwa.

Kusoma makala: usianze na utangulizi. Soma kichwa na muhtasari, kisha michoro na majedwali kabla ya maelezo yake, ujaribu kusema kila mchoro unaonyesha nini. Halafu mbinu. Utangulizi na mjadala mwisho, kwa sababu huko ndiko mwandishi anakuambia umuone vipi. Makala ya kwanza ya fani mpya inaweza kukula saa nne, hiyo ni kawaida. Maliza kwa sentensi tano: swali, walichofanya, walichokuta, udhaifu mkubwa, jaribio ambalo lingefuata. Mpelekee mlezi hizo tano tu. Sentensi ya nne ndiyo atakayoichana.

Kwenye udhaifu, anza na n, yaani idadi ya sampuli. Wameandika n = 3; tatu za nini? Visima vitatu (vishimo vya sahani ya maabara) vilivyochotwa kutoka chupa moja ya seli ni kipimo kimoja kilichorudiwa, siyo sampuli tatu. Panya kumi ndani ya kizimba kimoja wanaokula dawa kwenye maji yaleyale wana utata huohuo. Kisha mistari ya juu na chini ya nguzo za mchoro: ni mchepuko wa kawaida (data zimetawanyika kiasi gani) au kosa la kawaida la wastani (wastani wenyewe unaweza kuyumba kiasi gani)? La pili ni ule wa kwanza ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha n. Kwa n = 9 linakuwa theluthi. Mchoro uleule unapendeza mara tatu bila data kubadilika.

Sasa jambo ambalo wanafunzi hawaombi kamwe. Mwombe mlezi akuonyeshe njia nzima ya makala yake *moja* iliyokwisha kuchapishwa: rasimu ya kwanza, maoni ya wapitiaji (wataalamu ambao jarida huwaomba waikague), barua ya majibu, na toleo la mwisho. Barua ya majibu ndiyo chuo. Kila hoja ya mpitiaji inanakiliwa, chini yake jibu, na ukurasa na mstari ambapo badiliko limefanyika. Pale mwandishi asipokubali anasema kwa nini, kwa data, bila hasira. "Tumerekebisha" bila kusema wapi humrudisha mpitiaji akiwa na kisirani. Tahadhari: aonyeshe za kwake. Miswada ya wengine anayoipitia kwa niaba ya majarida ni siri, na mlezi anayekumwagia hiyo anakufundisha tabia mbaya.

Jisajilie na namba ya ORCID mapema. Ni bure, ina tarakimu 16, na inakutenganisha na wenye jina kama lako.

---

#8 Kinda_Sayansi

Asanteni sana wakubwa zangu. Je, mwanafunzi akifanya kipande hicho, jina lake linaingia kwenye makala? Naona aibu hata kuuliza.

---

#9 MhaririWaPembeni

Uliza, tena kabla ya kazi kuanza. Baada ya kazi kuisha swali hilo linakuwa ugomvi.

Kwenye tiba, majarida mengi yanafuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya kitabibu: mchango mkubwa kwenye wazo, muundo, ukusanyaji au uchambuzi wa data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi. Yote manne, siyo moja. Na anayetimiza la kwanza asinyimwe nafasi ya kutimiza mengine. Hapo ndipo wanafunzi huibiwa: amekusanya data, rasimu hakuoneshwa, kisha anaambiwa "hukuandika". Kwa hiyo sentensi ya kumpelekea mlezi ni hii: "Nikikamilisha sehemu hii, nitahesabika mwandishi au nitashukuriwa? Na kama ni mwandishi, nitahitajika kufanya nini zaidi?" Kuna pia mfumo wa CRediT wenye aina 14 za mchango, kuanzia wazo hadi programu, data, usimamizi na fedha. Itoeni orodha hiyo kwenye karatasi, kila mmoja atie tiki mapema.

Kushukuriwa si tusi. Kupima sampuli 40 kwa maelekezo ya mtu kwa kawaida ni shukrani. Kugundua kwamba sampuli 6 zilibadilishwa lebo na kuonyesha jinsi ilivyotokea, hapo tunaanza kuzungumza.

Kuwepo kwenye makala pia hakumalizi habari ya sifa. Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu chini ya mwanaastronomia Antony Hewish mwaka 1967, akikagua kwa macho karatasi za kinasa mawimbi, karibu mita 30 kwa siku, akaona alama ndogo isiyofanana na mwingiliano wa kawaida. Ikawa pulsa ya kwanza kujulikana, yaani nyota inayotoa mapigo ya mawimbi ya redio kwa vipindi sawa. Makala ya Februari 1968 ilimweka wa pili kati ya waandishi watano. Nobel ya 1974 ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle. Watu wanabishana hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba alama ile ilikuwa kwenye kumbukumbu, na tarehe yake.

---

#10 NjiaPanda

Kuhusu kibarua cha bure alichogusia Mzee. Weka mpaka kwa maandishi: saa nne hadi sita kwa wiki, wiki nane hadi kumi, na kitu kimoja kinachoonekana mwishoni, iwe ripoti ya kurasa mbili au jedwali safi. Ikipita hapo, tafuteni fungu.

Za kukimbia mara moja: anayedai ada ili akulee, anayekuambia "rekebisha" namba zikae vizuri, anayekuuzia nafasi ya jina kwenye makala, anayekukataza kuongea na watafiti wengine. Na jarida linalokualika kwa barua pepe, kuahidi kukubali makala ndani ya siku chache na kuficha ada hadi mwisho, usilipelekee kitu hata mlezi akisema "ni la haraka". Angalia bodi yake ya wahariri, waandikie wawili uone kama wanajua wamo.

---

#11 DadaTakwimu

Hapo kwenye saa za bure sikubaliani nawe kaka. Kama kipande kipo kwenye bajeti ya mradi, kilipwe tangu saa ya kwanza, mwanafunzi au si mwanafunzi. Kujifunza ni kukaa kando ya mtu akikuonyesha. Kuingiza fomu 300 kwenye kompyuta peke yako ni kazi. Vigezo hivyo viwili visichanganywe, la sivyo utafiti utabaki kwa wale tu ambao nyumbani wanaweza kuwasubiri.

---

#12 NjiaPanda

Nakubali kwa fomu 300. Kwa pipeti na sentensi tano nabaki nilipo.

---

#13 MzeeWaPipeti

Nyote mko karibu kuliko mnavyodhani. Niweke mawili ya kiutendaji.

Vikao: siku moja kabla, tuma mistari mitatu: nilichofanya, kilichokwama, ninachotaka kuamua nawe. Ndani ya saa 24 baada ya kikao, tuma mingine mitatu: tulichokubaliana, nani anafanya, lini. Bila hiyo, wiki mbili baadaye kila mmoja anakumbuka kikao chake.

Barua ya mapendekezo: omba wiki nne kabla. Uliza, "Je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" ili umwachie mlango wa kutokea, barua ya mtu asiyekujua inakuumiza kuliko kutokuwa nayo. Akikubali, mpe tarehe ya mwisho, maelezo ya nafasi, wasifu, na orodha ya ulichofanya kwake pamoja na tarehe. Kumbusha siku tano kabla.

---

#14 Kinda_Sayansi

Mzee, zoezi la pipeti, mikrolita 100 mara kumi, kwa miligramu:

97.2, 99.5, 99.7, 99.4, 99.6, 102.1, 99.5, 99.3, 99.6, 99.4

Wastani 99.5. Naona nimefaulu?

---

#15 DadaTakwimu

Wastani umekupumbaza mdogo wangu. Una makosa mawili yanayofidiana, moja chini, moja juu. Angalia mtawanyiko: kwa zote kumi mchepuko wa kawaida ni miligramu 1.16. Hizo nane nyingine peke yake ni 0.13, na wastani wao ni uleule 99.5. Lakini usizifute hizo mbili. Zinabaki kwenye daftari na sababu yake pembeni, kama unaijua.

---

#16 MzeeWaPipeti

Ya kwanza iko chini kwa sababu hukulowesha ncha. Ya sita, nadhani ulizamisha ncha ndani ukabeba tone kwa nje. Ulibadilisha chombo cha maji hapo katikati, sivyo? Rudia kumi nyingine, na safari hii andika kimo cha maji kwenye chombo kila unapochota.